Upepo wa Kuchomea

Jumapili, 16 Juni

Mpunga wa mwisho umeingia ndani leo. Magunia yamepangwa mpaka yameziba dirisha, na chumba chote kinanukia shamba. Mgongo unaniuma lakini nina furaha, na mtu akiwa na furaha ndio wakati wa kuandika. Dina, binti yetu anayeishi mjini Majengo, huniuliza naandika nini siku zote na mimi ni mkulima tu wa Kakese. Namwambia masista walinifundisha kuandika, hawakunifundisha kuacha.

Jioni nilikwenda kusimama kwenye majaruba. Mabua ya mpunga yamelala, ya manjano, yameanza kukauka. Nikakumbuka mwaka niliomwona Alois kwa mara ya kwanza. Nilikuwa binti, nimetumwa na mama kupeleka ndoo ya maji, maana siku ya kuchoma kila nyumba ilitoa ndoo zake na matawi mabichi ya kuzimia moto ukitoroka. Wazee walisimama kwenye kingo, vijana waliwinda panya waliokimbia moto, na sisi wasichana tulifukia viazi kwenye majivu. Mbele ya wote alikuwapo kijana mmoja mwembamba, kijinga cha moto mkononi, amesimama tu. Hafanyi kitu, na watu wazima wote wanamsubiri. Nikamuuliza mwenzangu, huyu anangoja nini? Akaniambia anangoja upepo. Kisha kijana akainama, akawasha, na moto ukaenda alikoutuma. Moshi wote ulivuka kijito ukaenda zake porini, ukatuacha sisi tunacheka. Nilimpenda palepale, na viazi vyangu vikaungua.

Tangu hapo hakuna anayechoma bondeni kwetu bila Alois. Hata wenye mashamba ya mbali humfuata. Lakini mwaka huu hakupiga mpunga. Alikaa kwenye turubai akipepeta, akisema hiyo ndiyo kazi ya watu wenye akili. Nilimsikia anavyohema.

Jumanne, 18 Juni

Anakohoa. Nimempa tangawizi na asali.

Jumapili, 23 Juni

Tangawizi imekwisha, asali imekwisha, kikohozi kipo.

Baada ya misa alikuja Obadia, mdogo wake Alois, ambaye shamba lake limepakana na letu. Hata chai hakungoja ipoe.

"Kaka, tunachoma lini? Tuwahi kabla ng'ombe wa Malale hawajanusa."

Malale ni Msukuma wa ng'ambo ya kijito. Alikuja na familia yake na ng'ombe wake kutoka kaskazini, akajenga kule ambako zamani palikuwa pori tupu. Mwaka mmoja ng'ombe wake waliingia kwenye mabua yetu kabla hatujachoma, wakavunja kingo za majaruba, na mvua ilitukuta bado tunaziba matope. Ugomvi ulifika mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Tangu hapo wakulima tulipatana: ukivuna, choma upesi, ng'ombe asikute cha kumvuta. Na sisi na akina Malale tunasalimiana kwa shida. Mimi pia, siwezi kujitoa.

Alois alimjibu, "Bado mabichi. Nitakuambia siku." Kisha akakohoa mpaka Obadia akaangalia pembeni.

Alhamisi, 4 Julai

Nimempeleka hospitali mjini. Alikuwa amekataa, nikamwambia basi nitalia barabarani watu wanione. Akapanda bodaboda.

Nilijua wataniambia ni kifua kikuu. Makohozi yamepimwa, hakuna. Daktari ni dada mdogo, jina lake Esteria, ana sauti ya upole na maswali mengi. Akamuuliza, "Mzee, unavuta sigara?"

"Sijawahi, hata siku ya harusi yangu."

Nikathibitisha, maana siku ile nilikuwapo. Akamuuliza kazi. Hapo mume wangu akanyooka kwenye kiti, akaeleza kwa fahari: namna ya kupima unyevu wa bua kwa kulivunja, namna ya kusubiri upepo wa jioni unaoshuka kutoka mlimani, namna ya kutembea ukingoni pamoja na moto usikupite. Alieleza mpaka pumzi ikamwishia. Daktari alisikiliza yote, hakutabasamu.

"Basi, Mzee, umevuta mashamba ya watu wote."

Akatufafanulia taratibu. Moshi wa mabua una vumbi dogo ambalo jicho halilioni. Linashuka mpaka chini ya pafu, linakaa, na mwaka baada ya mwaka njia za hewa zinakuwa nyembamba. Kilichoharibika hakirudi, kilichobaki ndicho cha kulinda. Akampa inhela ya kuvuta, akamwonyesha namna yake. Asikaribie moshi wowote, wa shamba, wa jikoni, wa takataka.

Alois akauliza, "Sasa nani atachoma?"

Nilikasirika hata nikacheka.

Ijumaa, 5 Julai

Nimehamishia mafiga nje, nyuma ya nyumba. Kuku wameshangaa.

Jumapili, 14 Julai

Sikio la kufa halisikii dawa. Leo nilikwenda kusali na jumuiya ya kanisa. Tulikuwa kwa Restituta, tukachelewa kwa sababu ya nyimbo. Narudi, mwanamume hayupo. Natazama bondeni, moshi umesimama juu ya shamba la jirani yetu Nathanael, kisha unainama vizuri kabisa kuelekea ng'ambo. Sikuhitaji kuuliza ni mkono wa nani.

Alirudi jua likizama, uso umejaa masizi, macho yanang'aa kama ya yule kijana wa zamani. Hilo ndilo lililonitesa. Alikuwa mzuri. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, basi nikamwekea maji ya kuoga.

"Walikuja kunifuata, Mama Dina. Ningesemaje?"

"Ungesema unaumwa."

"Watu wakishakuzoea kwa kitu kimoja, siku ukikikataa wanakusahau."

Nikamwambia mimi nimemzoea kwa vitu vingi, kimojawapo ni kupumua.

Jumatatu, 15 Julai

Ugali umemshinda katikati. Anaacha kutafuna ili apumue.

Jumamosi, 3 Agosti

Dina amekuja na gari la rafiki yake kumchukua baba yake. Atakaa Majengo mpaka msimu wa kuchoma upite. Alois amekubali kwa sababu wiki hii hakuweza kufika chooni bila kupumzika njiani. Shamba letu halijachomwa. Alipoingia kwenye gari alinishika mkono akasema, "Langu msiliguse. Nitakuja kulichoma mwenyewe."

Obadia alikuwapo. Alikubali kwa kichwa.

Jumatano, 7 Agosti

Nyumba ina sauti nisizozijua. Kumbe mlango wa jikoni unalia.

Jumapili, 11 Agosti

Nimekumbuka Agosti za utotoni. Harufu ile ya mabua kuungua ilikuwa maana yake kazi imekwisha, watu wameshiba, harusi zinakuja. Mama alikuwa akitoka nje, anavuta hewa, anasema, "Mwaka umekuwa mzuri." Tuliamini moshi unafukuza mbu na kusafisha kifua, na watoto wenye mafua tulisogezwa karibu ili tuuvute. Mama hakuwa mjinga, alitupenda. Leo harufu ileile imekuja kutoka mashamba ya juu, na moyo wangu umefurahi kwanza kabla akili haijafika. Nimejiona kama msaliti.

Jumapili, 18 Agosti

Leo bombani nilimkuta Kabula, mke wa Malale. Kwa kawaida mmoja wetu hujifanya ana haraka. Leo foleni ilikuwa ndefu, tukakosa pa kukimbilia.

"Mwangaluka," akasema. Hiyo ni salamu yao ya asubuhi. Nikaitikia. Akauliza hali ya Mzee, maana habari huvuka kijito bila viatu. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akasema, polepole:

"Mama Dina, nyie mnachoma ili ng'ombe wetu wasile. Ng'ombe wanakonda, na mzee wenu anaumwa. Sasa hapo aliyepata ni nani?"

Nilibeba ndoo yangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa namjibu kichwani, na kila jibu lilikuwa bovu kuliko lililopita.

Jumanne, 20 Agosti

Nimefanya jambo. Nimekwenda kwa Malale, mimi Generosa, kwa miguu yangu, nimesimama mbele ya zizi lake. Nimemwambia alete ng'ombe wale mabua yetu.

Malale ni mtu mrefu, mkimya. Alidhani ni mtego. "Mama, na kingo?"

"Wataingilia sehemu moja, watatokea palepale. Ukingo ukivunjika utauziba wewe kabla ya mvua."

"Nitauziba. Na Mzee anajua?"

"Mzee yuko Majengo."

Akanitazama kidogo. Akasema sawa.

Ijumaa, 23 Agosti

Paka akiondoka, panya hutawala. Ng'ombe wamejaa kwenye majaruba ya Alois wanatafuna, na Malale mwenyewe anatembea kwenye kingo na fimbo, akiwazuia kama askari wa barabarani. Ukingo mmoja umemomonyoka. Ameuziba kabla sijausema. Samadi imeanguka kila mahali.

Jumapili, 25 Agosti

Obadia hakunipa mkono kanisani. Nje akanifuata.

"Shemeji, umetuuza. Tulipatana wote. Leo ng'ombe wako kwako, kesho wako kwangu bila kuuliza. Na kaka aliposema lisiguswe, wewe hukusikia?"

"Nilisikia. Nilisikia na anavyopumua."

"Ukimwondolea moto, umemwachia nini?"

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Obadia si mtu mbaya. Alilelewa na Alois baba yao alipokufa, na jambo la kwanza alilofundishwa na kaka yake ni kusubiri upepo.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda Majengo. Tulifikiri tumempeleka mbali na moshi, kumbe mwezi huu hata mji umefunikwa. Jua lilikuwa jekundu tangu saa kumi na ukungu wa kijivu umelala juu ya mabati. Jirani anachoma takataka, Dina anapikia mkaa barazani. Alois amekonda.

"Nirudishe nyumbani," akaniambia. "Huku navuta moshi wa watu nisiowajua."

Nilicheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi kweli. Nimerudi naye.

Jumanne, 10 Septemba

Amekwenda kuliona shamba. Nilimfuata kwa mbali. Alisimama akitazama visiki vya mabua vilivyobaki, na kwato, na samadi. Akainua kipande cha samadi iliyokauka, akakivunja mkononi kama anavyovunja bua kupima unyevu. Akarudi ndani. Nilimweleza yote mwenyewe, nikangoja anipigie kelele. Hakupiga. Aligeukia ukuta, akasema, "Hata shamba langu halikunisubiri."

Jumamosi, 14 Septemba

Leo alichukua fimbo yake akasema anakwenda kumwonya Malale. Nilimsihi. Akavuka kijito akipumzika kila hatua chache, na mimi mlangoni nikihesabu mapumziko yake. Alikaa huko mchana kutwa. Amerudi na kibuyu cha maziwa mgando.

"Umemwonya?"

"Ana kingo nzuri yule, kuliko za Obadia." Akanywa maziwa. "Nitakwenda tena Jumamosi. Anataka kulima mpunga upande wake, hajui maji yapitie wapi."

Nalala na furaha.

Jumatatu, 23 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Juzi Jumamosi Alois alikwenda kwa Malale kama alivyosema. Mimi nilibaki naanua nguo. Kama saa kumi na moja nikaona moshi unapanda kutoka shamba la Obadia. Siku aliyoahidiwa na kaka yake haikufika, sasa alikuwa anachoma mwenyewe, na alikuwa anachoma vizuri, kama alivyofundishwa. Alisubiri mpaka jua limepoa, alisubiri upepo wa mlimani. Moshi ulipanda kidogo, ukainama, ukavuka kijito. Hata chembe haikuja kwetu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema kwa sauti, "Afadhali, upepo ni mzuri."

Nikakunja shuka. Ndipo nikakumbuka mume wangu yuko wapi.

Sijui nilivukaje kijito. Upande wa pili sikuona zizi, sikuona nyumba. Niliingia kwenye kitu cheupe kizito kinachowasha koo, nikaenda nikifuata milio ya ndama. Miaka yote nimeutazama moshi ule kutoka kwetu, ukiondoka, unapendeza. Sikuwahi kuuona kwa ndani.

Kabula ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa amejifunga khanga mbichi usoni. Akanivuta ndani, akafunga mlango, akasukuma gunia lililoloweshwa maji chini ya mlango. Kila kitu alikifanya bila kuhangaika, kama mtu anayetandika kitanda. Ndama walikuwa wameingizwa ndani. Mama yake Malale, bibi mzee mwenye macho mekundu, alikuwa amelala sakafuni na kitambaa kibichi puani, na kando yake alikuwa Alois. Ameketi, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Macho yake yalinitazama na hayakuweza kusema. Inhela yake ilikuwa nyumbani kwenye meza.

"Mmejuaje kufanya hivi?" nilimuuliza Kabula. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

"Kila mwaka ndivyo tunavyofanya. Mkianza kuchoma, ndoo za maji zinakaa mlangoni." Akamfuta bibi uso. "Tulidhani mnajua."

Alois alisikia. Nilimwona anasikia.

Malale alileta toyo yake mpaka mlangoni, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea magunia. Tulimlaza juu ya nyasi, Kabula amemshika kichwa, mimi nimemshika miguu, tukaenda hivyo mpaka mjini. Njiani nilimwita kwa jina alilokuwa akiitwa akiwa kijana, jina ambalo sitaliandika hapa.

Wamemwekea oksijeni. Amelala.

Jumanne, 24 Septemba

Obadia amekuja. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia. "Shemeji, nilisubiri upepo," akasema. "Nilisubiri kabisa." Analia mtu mzima yule. Nikamshika bega, maana ningemlaumu kwa lipi?

Jumatatu, 30 Septemba

Tumeruhusiwa. Daktari Esteria ameniita pembeni. Kipande kingine cha pafu kimekwenda. Kupanda mlima basi, kulima basi, akiugua tena hivi hawezi kuahidi. Nilimuuliza ana muda gani. Akasema hilo si lake kusema, lakini kila msimu wa moshi utamla zaidi.

Nampenda mwanamume huyu na ninaogopa. Naandika hivyo hivyo, bila kupamba.

Jumapili, 6 Oktoba

Anakaa kwenye kiti mlangoni. Malale alipita kumsalimia, wakakaa wote wawili wakitazama bondeni, wameridhika.

Jumamosi, 12 Oktoba

Joto. Mawingu yanakusanyika mchana, jioni yanatawanyika. Leo Alois aliniuliza, "Yule bibi, macho yake yalianza lini kuwa vile?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi najua."

Jumapili, 20 Oktoba

Obadia alikuja leo mchana, kofia mkononi. Bado ana shamba la juu, na Nathanael ana lake, na wengine wawili watatu, na mvua ikinyesha mabua yataozea hapo kabla ya kulima. Alikunywa chai kwanza. Kisha akasema:

"Kaka, wenzangu wamenituma. Wewe usitoke hata hapo mlangoni. Tuambie tu upepo."

Nilitaka kumfukuza. Alois akaniinulia mkono. Alitazama bondeni muda mrefu, kule nilikomwona akiwa kijana, watu wazima wote wakimsubiri. Nikadhani anaupima.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna leo, au hakuna wiki hii?"

Alivuta hewa mara mbili kabla ya kumjibu. "Hakuna upepo wa kuchomea, Obadia. Haukuwahi kuwepo. Kila upepo una mtu mbele yake."

Obadia akanigeukia mimi, labda nimsaidie. Mume wangu alikuwa amefumba macho, mkono wake juu ya goti, nami nikauwekea wangu juu.

Chai ilipoa. Obadia aliinuka, akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu. Hakushika njia ya mashambani. Nilimwona anateremka mpaka kwenye kijito, akasimama kidogo akitazama ng'ambo kwa Malale, akavua viatu, akavuka.